Ile 2147483647 iliyojaa kwenye orodha ya simu za wakulima wetu wa zabibu: ni namba tasa, na ina historia yake

#1 Mwanzisha uzi, Dodoma

Mbukwenyi wana jukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku kwetu, njia ya kwenda Iringa. Msimu uliopita, mavuno yakiwa yamepamba moto, wanachama walikuwa wanasubiri ujumbe wa malipo kwenye simu zao. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili kimya. Watu wakaanza kuja ofisini mmoja mmoja, na wewe unajua mkulima aliyekwisha kukabidhi mzigo akija ofisini huwa hana maneno mengi.

Nikachapisha orodha nzima ya wanachama, nikawapelekea chini ya mti waihakiki. Mzee mmoja ambaye yumo kwenye kikundi tangu kinaanza aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, maana upepo wa huku mnaufahamu, akaibana kwa goti, akaweka kidole kwenye jina lake na kukitembeza mpaka safu ya simu. Akasoma kwa sauti: mbili, moja, nne, saba, nne, nane, tatu, sita, nne, saba. Akaniangalia. "Mwanangu, hii siyo namba yangu." Kidole kikashuka mstari wa chini yake, ileile. Mstari wa chini tena, ileile. Ukurasa mzima, 2147483647.

Sababu tuliipata jioni. Mwanzoni tulikuwa tunaandika namba za simu kwa kuanza na sifuri, mfumo ukawa unaila ile sifuri na kubaki na tarakimu tisa, hakuna aliyeona tatizo. Baadaye tukaambiwa tuziandike kwa kuanza na 255 ili ujumbe uweze kutumwa kwa wengi mara moja. Tarakimu zikawa kumi na mbili. Aliyetutengenezea mfumo alikuwa ameipangia ile safu nafasi ya namba ambayo mwisho wake ni 2147483647, kwa hiyo kila iliyozidi hapo ilikatwa ikawekwa hiyo ya mwisho. Na ikishakatwa hairudi. Tulilazimika kufungua daftari la zamani la wino na kuingiza kila mwanachama upya.

Malipo yamefika, hilo limekwisha. Kilichoniweka macho ni hiyo namba yenyewe. Usiku ule nilichukua kalamu nikaanza kuigawanya. Kwa 2 haiwezekani, ni witiri. Kwa 3 ikabaki 1. Kwa 5 ikabaki 2. Kwa 7 ikabaki 1. Kwa 11 ikabaki 1. Nikaanza kuona kama kuna mpangilio, kufika 13 ikabaki 10. Nikaenda hivyo mpaka nikapita 100 na hakuna iliyoigawanya. Kesho yake nikatafuta, nikakuta jibu: 2147483647 ni namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Mtu wa kwanza kulithibitisha hilo alikuwa mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, kwa mkono, kabla hata umeme haujaingia nyumba ya mtu.

Nimeisoma kwa wiki kadhaa sasa. Nataka niwawekee nilichokipata, na wenye hesabu zao waongezee au wanisahihishe.

#2 Mchangiaji, Nkuhungu

Mkuu pole sana kwa hayo. Kwa faida ya wengine: namba ya simu isihifadhiwe kama namba, ihifadhiwe kama maandishi. Hakuna siku utajumlisha namba za simu za watu wawili. Kitambulisho ni hivyohivyo, na namba ya akaunti pia.

Kuhusu hiyo 2147483647, nadhani waliotengeneza kompyuta waliichagua kuwa kikomo kwa sababu ni tasa. Ina maana walihitaji namba isiyogawanyika ili mashine isichanganye mahesabu.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Nkuhungu, ushauri wa maandishi nimeuchukua na tumeshabadilisha. Ila hilo la pili hapana, na ni vizuri tulinyooshe mapema kwa sababu na mimi nililiamini kwa siku mbili nzima.

Kikomo kinatokana na nafasi. Kompyuta inaandika namba kwa swichi, kila swichi ama imewashwa ama imezimwa. Swichi ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Kwa nafasi ya swichi 32, moja huwekwa pembeni kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ukiziwasha zote unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea mpaka swichi ya mwisho. Sasa angalia: 1 + 2 ni 3, pungufu ya 4 kwa moja. 1 + 2 + 4 ni 7, pungufu ya 8 kwa moja. Siku zote jumla inakosa moja tu kufikia swichi inayofuata. Kwa hiyo 31 zikiwaka zote unapata 2^31 − 1, yaani 2 iliyozidishwa yenyewe mara 31 halafu ukatoa moja. Hiyo ndiyo 2147483647.

Hakuna aliyeuliza kama ni tasa. Ushahidi upo kwenye ukubwa mwingine wa nafasi. Kwa swichi 16 kikomo ni 32,767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Kwa swichi 64 kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili. Hii ya katikati imeangukia kwenye tasa kwa sababu 31 ni moja ya vipeo vichache (kipeo ni ile namba inayokaa juu ya 2) vyenye tabia hiyo.

Na kwa nini usiku ule nilikuwa napata baki 1 mara kwa mara: jirani yake wa chini, 2,147,483,646, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Imejaa vigawo vidogo. Nilipogawanya kwa 3, 7 au 11 nilikuwa nagonga mlango wa jirani, ndiyo maana inabaki 1. Namba mbili zimekaa bega kwa bega, moja inapasuka kwa kila pigo na nyingine haipasuki kabisa. Mimi hilo lilinigusa sana.

#4 Mwalimu wa hisabati, Bahi

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa uzi huu. Nafundisha Kidato cha Pili. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ili kuhakiki namba tasa unagawanya kwa namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, basi. Kipeuo cha pili cha hiyo namba kinazidi 46,000. Huyo Euler aligawanya mara ngapi? Maana kama ni zote, mtu mmoja kwa kalamu ya unyoya angekaa mwaka. Naomba ueleze kwa namna ambayo nitaweza kuiandika ubaoni.

#5 Mwanzisha uzi

Mwalimu, hapa ndipo palipo utamu wote. Nitaeleza polepole.

Kipeuo cha pili ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa zinazokaribia 4,800. Kabla ya Euler, Cataldi wa Italia alichapisha mwaka 1603 kwamba 2^n − 1 ni tasa kwa n ikiwa 17, 19, 23, 29, 31 na 37. Kwa 17 na 19 alikuwa amehakiki kwa njia hiyohiyo ya wanafunzi wako. Kwa zilizofuata alikosea 23, 29 na 37, akapatia 31. Mfano 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47. Hivyo kipeo kuwa tasa hakutoshi.

Chukua ndogo kuliko zote zinazodanganya: 2^11 − 1 = 2,047. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2,047 ni 23 × 89. Iangalie 23. Andika ubaoni duara. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila hatua, ukivuka 23 toa 23 uandike baki. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu unarudi kwenye 1. Hatua 11 kamili. Kwa nini 11? Kwa sababu 23 inagawanya 2^11 − 1, maana yake 2^11 ikigawanywa kwa 23 inabaki 1, kwa hiyo lazima urudi nyumbani kwenye hatua ya 11. Ungeweza kurudi mapema zaidi? Hapana. Ungerudi mapema, idadi ya hatua zako ingelazimika kuigawanya 11, na 11 ni tasa.

Sasa zipo namba ambazo duara halikuzigusa. Anza na 5: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, na kurudi 5. Duara la pili, nalo la 11. Baki zote kuanzia 1 hadi 22 zimejipanga kwenye maduara mawili ya watu 11 kila moja, hakuna aliyebaki nje. Ndiyo kusema 11 lazima igawanye 22, yaani 23 toa 1. Jaribu 89: toa 1 ni 88, ni 11 × 8. Inakubali.

Hiyo ndiyo kanuni. Namba yoyote tasa itakayogawanya 2^31 − 1 lazima baki zake zijipange kwenye maduara ya 31, kwa hiyo ukiipunguza 1 igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa ni witiri, ukiipunguza 1 inagawanyika kwa 2 pia. Kwa hiyo igawanyike kwa 62. Wanaoruhusiwa kujaribu ni wale tu walio zaidi kwa 1 ya kigawe cha 62: 63, 125, 187 na kuendelea. Wengine wote, maelfu yao, unawafuta bila kuwagusa.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2^31 inabaki 1, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 mara yenyewe. Ina maana kwa huyo mgawaji, 2 ni baki ya namba iliyozidishwa yenyewe. Namba tasa ambazo 2 ina hali hiyo kwao, ukizigawanya kwa 8 lazima zibakize 1 au 7. Uthibitisho wa hilo unahitaji uzi wake. Ukiunganisha machujio mawili, wanaobaki ni wa sura mbili tu:

248k + 1
248k + 63

Hesabu mwenyewe zilizo chini ya 46,340, ukiiacha 1 na pia 63 ambayo ni 7 × 9: ziko 372. Kutoka 4,800 mpaka 372. Na humo ndani nyingi si tasa, mfano 249 ni 3 × 83 na 497 ni 7 × 71, nazo unaziruka. Zinabaki kama themanini hivi.

Ya kwanza kufanyiwa kazi ni 311. Ukigawanya 2147483647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki 35. Inayofuata ni 1,303, inabaki 226. Halafu 1,489, inabaki 199. Hivyohivyo mpaka mwisho.

Mwaka 1772 Euler alikuwa St. Petersburg, Urusi, na macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa, wengine wakimwandikia. Nikifikiria mtu ambaye karibu haoni kabisa, amekaa, anachuja namba elfu nne na ushee kichwani mpaka zibaki hizo chache, naona aibu kulalamika kwamba nilichoka nilipofika 100.

#6 Mchangiaji, Kondoa

Nimesoma yote, nimeelewa hadi kwenye duara la pili. Swali langu ni la mtu wa kawaida. Kwa Kiswahili tasa ni asiyezaa. Hii namba haizai kitu, sawa. Mtu anahangaika nayo kwa ajili gani?

#7 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Kondoa, swali lako lina umri mkubwa. Mwaka 1811 Mwingereza mmoja, Peter Barlow, aliliandika karibu vilevile. Subiri nianzie nyuma kidogo.

Kwanza, hii tasa imezaa. Wagiriki wa kale walipenda namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unaipata yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Huitwa namba kamilifu. Euclid alionyesha kwamba kila 2^n − 1 iliyo tasa inakupa moja: unaizidisha kwa 2^(n − 1). 3 mara 2 ni 6. 7 mara 4 ni 28. 31 mara 16 ni 496. Euler naye akathibitisha upande wa pili, kwamba hakuna namba kamilifu iliyo shufwa inayopatikana kwa njia nyingine. Ya kwetu, ukiizidisha kwa 2^30, inatoa 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu ya nane.

Ni kuhusu hiyo ya nane Barlow alisema hakuna kubwa zaidi itakayokuja kugunduliwa, kwa kuwa ni vitu vya kushangaza tu visivyo na matumizi, hakuna atakayejisumbua kutafuta mbele ya hapo. Leo zinajulikana 52.

Na matumizi yapo. Chukua mchezo wa kwenye simu, au programu inayotaka kuchagua wanachama kumi kwa bahati nasibu. Kompyuta haina bahati, inafanya hesabu. Njia moja maarufu, ambayo Park na Miller waliipigia debe mwaka 1988, ni hii: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2147483647, tumia baki. Baki hiyo izidishe tena. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, zinaruka huku na huku kama panzi. Ukitaka kujua kama programu yako imeandikwa sawasawa, ya 10,000 lazima iwe 1,043,618,065.

Kwa nini igawanywe kwa hiyo? Turudi kwenye duara. Chukua 7, ambayo ni tasa, uzidishe kwa 3: 1, 3, 2, 6, 4, 5, na kurudi 1. Umepita baki zote sita, hakuna uliyeirudia kabla ya mwisho. Chukua 8, ambayo si tasa, uzidishe kwa 2: 1, 2, 4, 0. Umekwama, sifuri haitoki tena. Tasa haikwami kamwe, na ukichagua kizidisho kizuri duara linakuwa moja refu linalopita kote. Kwa 16,807 duara lina hatua 2,147,483,646. Na kila baki inatosha ndani ya nafasi ileile ya kompyuta bila kumwagika hata tone. Hapa ndipo mkuu wa Nkuhungu alikuwa karibu na ukweli: kikomo hakikuchaguliwa kwa utasa wake, lakini kwa kuwa kimetokea kuwa tasa, watu wakakitumia.

#8 Mchangiaji, UDOM

Naomba niongeze kipande. Baada ya Euler hatugawanyi tena. Lucas wa Ufaransa katika karne ya 19, na baadaye Lehmer wa Marekani mwaka 1930, walituachia kipimo kifupi. Anza na 4. Izidishe yenyewe, toa 2. Jibu nalo lizidishe lenyewe, toa 2. Kila likizidi namba unayoipima, gawanya ubaki na baki. Kwa 2^n − 1, baada ya hatua n toa 2, ukikuta sifuri ni tasa, usipokuta sifuri siyo.

Kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1, ni hatua tatu: 4, halafu 14, halafu 194 ambayo inabaki 8, halafu 8 × 8 − 2 = 62, na 62 ni 31 mara mbili, baki sifuri. Imepita.

Kwa 2147483647 ni hatua 29. Niliiandika programu kwenye simu jana usiku, mistari isiyofika kumi. Inaanza 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, halafu inaanza kuvuka kikomo na namba zinavurugika, huwezi kubashiri chochote. Unaona 12 milioni, unaona bilioni 2. Hatua ya 28 kioo kikaonyesha 65,536. Nilisimama. 65,536 ni 2^16. Ukiizidisha yenyewe ni 2^32, ukitoa 2 ni 2^32 − 2, ambayo ni mara mbili ya 2^31 − 1. Hatua ya 29: sifuri. Baada ya vurugu yote ile, inatulia kwenye kipeo cha 2 na kuingia nyumbani.

Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo kuthibitisha zile kubwa. Tangu 1996 kuna mradi unaoitwa GIMPS ambao mtu yeyote anaweza kujiunga kwa kompyuta yake. Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani kupitia mradi huo alipata 2^136,279,841 − 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukienda steshenari ukachapisha tarakimu 3,000 kwa ukurasa, ni kurasa 13,675, zaidi ya rimu 27 kama unachapisha upande mmoja.

#9 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu wa UDOM, hiyo 65,536 nimeirudia mwenyewe leo na kweli imenitokea. Asante sana.

Na umenikumbusha la ukoo. Ukiweka 5 kwenye kipeo, 2^5 − 1 inazaa 31, tasa. Ukiweka 31, inazaa 2147483647, tasa. Nilijiuliza, je, 2^2147483647 − 1 nayo? Hiyo ina tarakimu 646,456,993. Haipimiki kwa hatua za Lehmer kwa kompyuta tulizonazo, lakini haina haja. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Punguza 1, gawanya kwa 2 × 2147483647, unapata 68,745 kamili. Ni sheria ileile ya maduara niliyomwandikia mwalimu, ndiyo iliyowaonyesha mahali pa kutafuta. Kwa hiyo ukoo wa 5 uliishia kwenye namba yetu.

#10 Mchangiaji, Area C

Kuna taarifa niliisikia kwamba kompyuta zitakwama 2038, ni hii hii?

#11 Mwanzisha uzi

Ndiyo, ni hii hii. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Inayotumia nafasi ya swichi 32 itafika sekunde ya 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu ni Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi na sekunde 7, hapa Dodoma jua litakuwa bado halijachomoza. Sekunde inayofuata ile swichi ya alama ndiyo itawaka, na mfumo utadhani ni Desemba 1901. Dawa yake ni kuhamia nafasi ya swichi 64, na mifumo mingi mipya imekwisha kuhama. Mwishoni mwa 2014 YouTube walipata video iliyotazamwa zaidi ya 2,147,483,647, nao wakapanua kihesabio chao. Ninaowaonea wasiwasi ni wenye mifumo midogo kama ya kwetu, iliyotengenezwa mara moja na mtu akaondoka. Kama una kikundi, SACCOS au duka, uliza mapema.

#12 Mwalimu wa hisabati, Bahi

Ndugu zangu, naleta taarifa.

Wiki iliyopita nilichora lile duara la 23 ubaoni. Nilipofika 12 na kuuliza inayofuata, darasa zima likaitika "moja!" Binti mmoja wa nyuma akauliza kwa nini 22 imeachwa nje, nikamwambia aje aanze na 5 mwenyewe. Akaifikia.

Basi tukaamua kuifanya kazi ya Euler. Nikaandika zile sura mbili, kila mwanafunzi akachukua k zake, kwanza anachunguza kama namba aliyoipata ni tasa, ikiwa tasa anagawanya 2147483647 kwa mkono, na jirani yake anahakiki kwa kuzidisha. Hakuna kikokotoo. Tulitumia vipindi vinne na Jumamosi moja. Karatasi zimebandikwa ukutani kwa mpangilio, kuanzia 311 na baki yake 35.

Za mwisho zilikuwa tatu. 46,191 tarakimu zake zinajumlishwa 21, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, ikatoka. 46,129 ilitusumbua mno, karibu tuiite tasa, mpaka kijana mmoja akaigawanya kwa 163 akapata 283 kamili. Ikatoka nayo. Ikabaki 45,943. Hiyo ni tasa, tumeihakiki mara mbili. Yule binti wa nyuma ndiye aliyeigawanya ubaoni, wengine wote wakifuata kwenye madaftari yao: inaingia mara 46,742, inabaki 15,941.

Wameomba nyingine.